Mhudumu wa Tram 83 analipwa ngapi?



Wiki mbili zilizopita mmoja wetu aliandika hapa kwamba Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila ndiyo riwaya inayoonyesha Kongo yetu jinsi ilivyo, bila poda. Watu mingi walikubali. Na mimi nilikubali. Kile kitabu nilikisoma nikiwa bado mwanafunzi, nakala moja iliyopita mikononi mwa auditwari nzima mpaka jalada likang'oka. Kisha kusoma lile andiko nikakitafuta tena, nikakisoma kwa siku tisa, usiku, nikitoka kazini. Kazi yangu, kwa wasiojua, ni kuhudumia meza katika restora moja hapa Mapendo. Nina lisansi ya maendeleo vijijini. Nasema mapema ili tusirudie tena.

Safari hii ya pili kuna kitu kilinisumbua ambacho safari ya kwanza kilinipita. Kitabu kizima kimejaa wahudumu. Wanapita, wanachelewa, wanakasirika, wanadai purubwari. Na nilifika ukurasa wa mwisho bila kujua hata mmoja wao analipwa ngapi.

Kwa wale hawajakisoma: Mujila ni mtoto wa Lubumbashi, alizaliwa 1981, sasa anaishi Graz, Austria. Riwaya ilitoka Paris mwaka 2014, mwaka uliofuata ikatoka kwa Kiingereza na ikachukua tuzo ya Etisalat ya 2015. Lucien, mwandishi, anatoka bara na kufika katika mji uliojitenga na nchi, mji wa migodi unaotawaliwa na jenerali mpinzani. Pale anamkuta rafiki yake wa zamani Requiem, mtu wa magendo na vitisho, na Malingeau, mchapishaji kutoka Uswisi. Wote wanakutana Tram 83: bar, restora, ukumbi wa jazz, soko la miili, vyote chini ya paa moja. Wachimbaji wako pale, wanafunzi wenye mgomo wako pale, watalii waliokuja kutafuta faida wako pale.

Sitaki mtu aseme nimekuja kubomoa kazi ya ndugu yetu. Sikio la Mujila ni kali. Katika kitabu chake hakuna mazungumzo yanayofika mwisho. Watu wawili wanaongea mambo mazito, mwanamke anaingilia kutafuta mteja, wanaendelea, mwingine anaingilia. Wapo wasomaji wanaosema inachosha. Mimi nasema aliyeandika vile aliwahi kukaa bar na kusikiliza. Kwenye meza zangu iko vile vile: mtu anaeleza kifo cha baba yake, muuza mayai anapitisha beseni katikati, mtoto wa kusugua viatu anagusa mguu, motari anaita kutoka inje. Ukitaka kujua kelele ya Birere saa kumi na mbili jioni, soma Mujila. Na zile orodha zake ndefu za kila aina ya binadamu anayeingia mlangoni, mimi nazipenda. Mtu anayehudumia meza anahesabu watu vile vile kichwani: wa kulipa, wa kukopa, wa kuleta vita.

Shida yangu iko mahali ambapo ameweka kiti chake. Lucien anakaa mezani na daftari, anaandika anachokisikia. Kitabu kizima kinakaa naye pale. Mhudumu anamwonekana kama anavyoonekana kwa mtu aliyekaa na mwenye kiu: anakuja kwa kuchelewa, amekunja sura, anataka pesa. Kisha anageuka na kuingia jikoni, na kitabu hakimfuati. Nilipokuwa mwanafunzi zile sehemu zilinichekesha sana, kwa sababu na mimi nilikuwa mtu wa kupiga vidole na kuita «Psst! Serveuse!» nikisubiri soda moja ambayo tungekunywa watu watatu.

Sasa tuingie jikoni, maana ule ucheleweshaji una sababu zake.

Kwetu kuna mbabula tatu. Makala yakilowa, sambaza zinachukua dakika arobaini badala ya kumi na tano. Mteja haoni makala, anaona mimi. Kuna chenji: franka zetu zimechoka, noti ya mia tano imeunganishwa na skochi, mteja anaikataa, nakwenda kwa mama wa mandazi kubadilisha, anaikataa, narudi. Halafu kuna dola. Kila mtu wa Goma anajua dola yenye kupasuka kidogo kwenye ukingo haipokelewi popote. Lakini mteja mwenye pombe kichwani anakupatia hiyo hiyo na kwenda zake. Jioni kwenye hesabu, patroni anaiinua kwenye taa, anaiangalia, anakurudishia: «Hii ni yako.» Ndipo unakimbia kwa kambisti, anaichukua kwa hasara, unajaza tofauti mwenyewe. Kwa hiyo unaponiona nageuza dola yako mara tatu mbele ya bibi harusi wako, sina dharau. Nachunga mshahara wangu wa siku.

Na hesabu yenyewe iko hivi. Nitaisema kwa sababu vitabu havisemi na sisi hatusemi. Tuliandikana kwa mdomo dola 50 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza na wa pili ulikuwa «majaribio», nusu mshahara. Mwezi wa tatu nikapata mzima, na huu hapa: dola 50. Toa 5 ya shati na aproni, ambazo zina jina la restora mgongoni, sitaweza kuzivaa mahali pengine duniani. Toa 2 ya glasi mbili. Moja nilivunja mimi, nyingine ilivunjwa na mtoto wa mteja. Toa 7 ya meza iliyoondoka bila kulipa, na hii nitarudi kwayo. Zinabaki 36. Tunafunga usiku, kutembea mpaka Majengo peke yako hakuna anayekushauri, kwa hiyo moto, franka 1,500 kwa siku 26, ni franka 39,000, kama dola 14 kwa bei ya siku zile. Zinabaki 22. Chakula nakula pale pale, mara moja, bugali na sombe iliyobaki. Siilaumu ile sombe, ni nzuri.

Sheria? Iko. Kodi ya kazi ya mwaka 2002 inasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Mimi nafika saa moja asubuhi kuosha sakafu na natoka saa mbili ya usiku. Tafuteni wenyewe inakuwa ngapi kwa siku sita. Mshahara wa chini wa serikali ulikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018. Mwaka 2025 Kinshasa ikaupandisha hadi 14,500. Kwa siku 26 ni franka 377,000. Nilimwonyesha mwenzangu wa jikoni ile habari kwenye simu. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Akaniuliza kama ile karatasi ya Kinshasa itapandia ndege gani kufika hapa, na uwanja umefungwa.

Alikuwa na haki ya kucheka. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege ukanyamaza, na watu wa ONG, wale waliokuja mchana na magari meupe na kuomba fakitire yenye muhuri, wengi walikwenda. Hapa ndipo nataka turudi kwa ile purubwari ya Mujila.

Katika Tram 83, purubwari ni kichekesho na ni kasoro ya tabia. Mhudumu anaidai kwa sababu yuko vile, mwenye tamaa, kama mji wenyewe ulivyo na tamaa. Kila mtu pale anauza kitu, naye anauza polepole yake. Kama picha ya mji naielewa. Lakini kama maelezo ya kazi ni uongo, tena uongo ambao unamfaa patroni. Siku ninaomba kazi, mtu aliyenipokea alisema: «Mshahara ni kidogo, lakini hapa watu banaachaka purubwari ya muzuri.» Sikilizeni vizuri hiyo sentensi. Anasema kwamba sehemu ya mshahara wangu hatailipa yeye, italipwa na mtu asiyenijua, kama atapenda, kama bibi yake hakumkasirisha asubuhi, kama nyama ilikuwa laini. Purubwari si nyongeza juu ya mshahara, ni mshahara wenyewe uliopunguzwa na kuwekwa mikononi mwa wateja. Wateja wa magari meupe walipokwenda, hakuna aliyegusa dola 50 zangu, kwa hiyo patroni anaweza kuapa mbele ya Mungu kwamba hakupunguza kitu. Lakini nusu ya nilichokuwa napeleka nyumbani ilikwenda nao.

Mhudumu wa Mujila anayeomba pesa kabla hajaleta bia anafanya hesabu hii hii. Kwa nini kitabu kisimwache aifanye kwa sauti? Kina sauti ya kila kitu. Tunasikia treni, tunasikia saksafoni, tunasikia hata nyama ya mbwa ikichomwa. Dola hatuzisikii zikihesabiwa.

Najua mtaniambia: riwaya si ripoti ya inspekta wa kazi. Sawa. Lakini angalieni nani amepewa sababu na nani amenyimwa. Requiem, mwizi na mtu wa kutisha wenzake kwa picha, amepewa zamani yake na ugomvi wake wa kale na Lucien; tunajua kwa nini amekuwa vile, tunaweza hata kumpenda. Mchapishaji Mswisi amepewa ndoto zake. Lucien amepewa dhamiri kubwa kuliko mji. Mhudumu amepewa sura iliyokunjwa. Mujila angeweza kunijibu kwamba anaonyesha macho ya wanaume wa mji ule, si macho yake. Pengine ni kweli. Lakini pahali fulani katika kurasa zote zile jicho lingeweza kuteleza mara moja tu na kuingia jikoni. Sikuliona likiteleza.

Kuna aliyeingia. George Orwell, Mwingereza, aliosha vyombo katika hoteli ya Paris na akaandika kitabu kilichotoka 1933. Kwa Kifaransa kinaitwa Dans la dèche à Paris et à Londres, na wale wa idara ya Kiingereza wanakijua. Pale jikoni tunaliona mpaka jasho kwenye chakula. Tunajua saa ngapi mtu analala, nani anamtukana nani, mpishi yuko juu ya nani. Anaeleza jinsi uchovu unavyomaliza hata hasira, mtu hana nguvu ya kufikiri kwamba anaonewa, na mimi hiyo naijua kwa miguu yangu. Lakini juu ya mhudumu wa meza Orwell anasema jambo baya: usimhurumie, kwa sababu yeye moyoni yuko na mteja. Anapomwangalia tajiri akila anafikiri siku moja atakaa pale, na kwa hiyo wahudumu hawana chama cha wafanyakazi chenye nguvu.

Nilikasirika nilipoisoma. Niliiweka simu chini. Kisha nikafikiri juu yangu.

Maana mimi, mwenye lisansi, nilipoanza ile kazi nilimwambia mwenzangu wa jikoni, mama mwenye watoto wanne, kwamba mimi niko hapa kwa muda. Sikumwambia kwa ubaya. Nilisema kama mtu anavyosema anatoka wapi. Naye akanijibu kwa upole, «Hata miye nilisemaka vile, mutoto yangu.» Amefika mwaka wa sita. Na kwenye ukurasa wangu wa Facebook, hadi juzi, pameandikwa «konsultanti». Konsultanti wa nini? Wa meza namba 4.

Tuko wengi. Katika mtaa mmoja tu wa Mapendo nawajua wahitimu watatu wanaobeba plato, mmoja wa sheria, mmoja wa uuguzi, mmoja mimi. Yule wa sheria anaijua Kodi ya kazi kuliko patroni wake na mwanasheria wa patroni wake. Anajua kwamba kontra isiyoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Hakuwahi kuitaja kazini hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, «Nikiisema, batajua minataka kubakia.» Yaani afadhali aibiwe kila mwezi kuliko akubali mbele ya watu kwamba hii ndiyo kazi yake. Ile «ya muda» inatugharimu kuliko glasi zote tulizovunja. Patroni naye anaijua na anaitumia: «Nyiye basomi hamukaake, juu ya nini niwapandishie?» Na wale ambao si wasomi, ambao hawana mahali pa kwenda, wanalipwa kwa kipimo chetu sisi wapita njia.

Orwell mwenyewe alikuwa wa muda. Alikuwa amesoma shule ya matajiri, na alipotaka kuondoka aliondoka, akaandika kitabu. Labda ndiyo sababu alimwona mhudumu vizuri sana na akamsamehe kidogo sana.

Waswahili wenzetu wa pwani wana kitabu kinachokaa kwa wafanyakazi bila kuwa na haraka ya kuondoka: Kuli, ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979. Rashidi ni mtoto wa kuli wa bandari ya Zanzibar, naye anakuwa kuli, na kitabu kinakwenda mpaka kwenye mgomo wa 1948, mgomo uliotokea kweli. Siwezi kukilinganisha na Tram 83 kwa muziki. Shafi anaandika kwa kunyooka, wakati mwingine kama mwalimu ambaye anaogopa mwanafunzi wa nyuma hajasikia. Lakini pale mshahara ni jambo la hadithi. Watu wanaujua, wanauzungumza, unawaamsha. Tena Rashidi hana mahali pengine pa kwenda, na kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, anakuwa na la kuitetea. Ningependa mtu mwenye sikio la Mujila aandike kitabu chenye hesabu ya Shafi. Nadhani mtu huyo anaweza kuwa anabeba plato sasa hivi, pahali fulani kati ya hapa na Birere, akificha diploma yake.

Na kuficha tumefundishwa. Mwaka 1985 Franco aliimba Mario, na Kongo nzima ikacheka kijana mwenye diploma anayelishwa na mama mwenye pesa. Ni wimbo mkubwa, mimi mwenyewe naucheza. Lakini tangu hapo msomi asiye na kazi ya karatasi zake ni mtu wa kuchekwa kabla hajasema kitu, na mhitimu anayebeba bia anajua kile kicheko kabla hakijatoka mdomoni.

Sasa niseme ile nimekuja kusema.

Meza iliyoondoka bila kulipa dola 7 haikuwa ya wageni. Ilikuwa yetu. Ilikuwa ile jioni ya kukaribisha wahitimu wapya, watu kumi na mmoja, meza mbili tuliziunganisha. Nilijua mmekuja kabla hamjaingia, nilisikia sauti. Nikamuomba mwenzangu achukue meza yenu, akakataa, alikuwa na meza sita. Nikatoka na daftari langu.

Wawili walinitambua wakaangalia simu. Siwalaumu, mimi ningefanya vile. Mmoja aliniuliza kwa Kifaransa kama tulikuwa tumeonana mahali. Tulikaa benchi moja miaka mitatu. Na mmoja, nampenda kwa hilo, alisimama akanisalimia kwa nguvu, mbele ya wote: «Yaya! Weye njo huyu?» Nikasema njo miye. «Unafanyaka nini hapa?» Minatumika. Akanishika bega, akasema, «Usijali, ni ya muda tu.» Alisema kwa moyo mzuri. Meza nzima ikatikisa kichwa, na mtu akaagiza bia ingine.

Kisha mlizungumza. Niliwasikia, maana kwenye kazi hii mtu anasikia kila kitu katika vipande, kama katika kile kitabu. Mlizungumza kazi zinazokosekana, ONG zilizokwenda, ndugu aliyefika Kampala. Mtu alitaja Tram 83, kweli, ndiyo maana lile andiko la wiki mbili zilizopita lilinishitua. Alisema ule mji wa Mujila ni huu wetu, kila mtu anauza kitu. Nilikuwa nyuma yake na brosheti za mbuzi, mikono miwili imejaa, nasubiri amalize sentensi ili ahamishe kiwiko. Hakuhamisha. Niliziweka mbele ya mtu mwingine.

Mlipoondoka, kila mmoja alidhani mwingine amelipa. Naamini hivyo. Kulikuwa na mvua, mlikimbilia moto. Zilikosekana bia mbili, plato moja ya sambaza, na maji. Nilimwandikia mmoja wenu usiku ule, akajibu asubuhi kwa kidole cha juu na maneno «tutaona hiyo ndani ya kikao». Mwisho wa mwezi patroni alinionyesha daftari, akauliza kama wale hawakuwa watu wangu, maana aliona mmoja akinishika bega. Nikasema ni watu wangu. Akaandika 7.

Kuna kikao Jumamosi ijayo, na kwenye ajenda niliona tutajadili kuandaa siku ya kitabu, na Tram 83 iko kati ya vilivyopendekezwa. Mimi naunga mkono. Naomba tu isiwe mchana, mchana niko kazini, na isiwe kwetu. Na kabla ya kuanza kusoma, naomba mwenzetu wa sheria, akikubali kusema mbele ya watu anatumika wapi, apewe nusu saa atusomee ile Kodi ya 2002, saa za kazi na kontra, kwa Kiswahili, tuone wangapi ndani ya chumba inawahusu. Nadhani watainuka mikono zaidi ya watatu.

Fakitire ninayo. Namba yake ni ya meza 4 na 5 pamoja, tarehe iko juu, maandishi ni yangu. Katibu ananijua.